Mpira wa Hewa: Historia ya Kumfikiria Mwenzako Chini ya Maji

Najua swali la kwanza mtakaloniuliza: mtu wa Matinyani anajua nini kuhusu kuzamia baharini? Huku kwetu ukisema "mtungi" watu wanafikiria lita 20 za maji juu ya punda, sio hewa mgongoni. Sawa, nimekubali. Lakini chuo niliacha, kusoma sikuacha, na historia haidai uwe na bahari nyuma ya nyumba.

Kitu ninachotaka tuongelee ni kidogo sana: ule mpira unaotoa hewa kwenye mtungi na kuipeleka mdomoni mwa mzamiaji. Urefu wake, na mahali unapopita mwilini. Wazamiaji hubishana juu ya mpira huo vile sisi tunabishana juu ya Gor na Ingwe. Mmoja anasema sentimita 75 zinatosha, mwingine anataka mita mbili na zaidi. Msimamo wangu ni huu: karibu kila sentimita iliyoongezwa kwenye mpira iliongezwa kwa sababu ya mtu mwingine, yule aliye kando yako hewa ikimwishia.

Twende polepole. Mwaka wa 1943, Ufaransa ikiwa katikati ya vita, afisa wa jeshi la wanamaji aitwaye Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza regulata iliyompa mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi. Wazo la vali lilitoka kwa kifaa cha kudhibiti gesi kwenye magari, maana petroli ilikuwa adimu. Kwa hivyo kuzamia kwa kisasa kulianzia kwa shida ya mafuta. Hiyo sisi Wakenya tunaielewa vizuri.

Regulata hiyo ilikuwa na mipira miwili minene yenye mikunjo, mmoja bega hili, mwingine bega lile. Mmoja ulileta hewa, mwingine ulirudisha pumzi iliyotumika hadi nyuma ya shingo ndipo itoke. Lakini sehemu ya kupumulia ilikuwa moja tu. Kifaa kizima kilimfikiria mtu mmoja.

Sasa mwenzako akiishiwa hewa je? Mlipokezana. Unavuta pumzi mbili, unampa, anavuta mbili, anakurudishia, huku mnapanda juu pamoja. Watu walifunzwa hivyo kwa miaka mingi. Kwenye bwawa la kuogelea mambo ni shwari. Lakini baharini, mtu aliyekosa hewa, macho yamemtoka, umuombe akurudishie? Jaribu kwanza kumnyang'anya mtu mwenye njaa chapati, halafu uniambie.

Mabadiliko makubwa yalitoka Australia. Mwaka wa 1952, Ted Eldred wa Melbourne alianza kuuza regulata aliyoiita Porpoise. Yeye aligawanya kazi mara mbili: kichwa kinachokaa kwenye mtungi kinapunguza presha, halafu mpira mmoja mwembamba unapeleka hewa hadi kwenye kifaa cha mdomoni, ambacho kinamalizia kazi. Pumzi iliyotumika inatokea pale pale mdomoni. Mpira mmoja badala ya miwili.

Inaonekana kama mabadiliko ya fundi tu, lakini yalifungua mlango. Kichwa cha mtungi sasa kingeweza kuwekwa matundu kadhaa, na kila tundu likashika mpira wake. Ukiongeza mpira wa pili wenye kifaa chake cha mdomoni, mwenzako hahitaji tena kungoja zamu. Mpira huo wa ziada uliitwa oktopasi, yaani pweza, kwa sababu mzamiaji mwenye mipira yote hiyo anafanana naye kweli. Polepole kupokezana kulianza kubaki kama kumbukumbu tu.

Mpangilio uliozoeleka hadi leo ni huu. Mpira wako unapita juu ya bega la kulia, urefu wake kama sentimita 70 hadi 75. Ule wa mwenzako ni kama sentimita 90 hadi mita moja, mara nyingi wa rangi ya njano, na unabanwa kifuani kati ya kidevu na mbavu za chini. Wa kwako mfupi, wa mgeni mrefu. Hata pweza alipimwa kwa kumfikiria mtu mwingine.

Lakini pweza ana shida zake. Akichomoka kwenye kibanio anaburutwa chini, anajaa mchanga. Hujampumulia tangu uingie majini, kwa hivyo huna uhakika kama bado anafanya kazi. Na mtu mwenye hofu hatafuti rangi ya njano, anashika kile anachokiona kikitoa mapovu, na hicho kiko mdomoni mwako.

Jibu la shida hizo lilitoka mahali pabaya kuliko bahari: mapango yaliyojaa maji huko Florida, Marekani. Mapangoni huwezi kupanda juu moja kwa moja, juu ni mwamba. Mnarudi mlikotoka, na mahali pengine pamebana kiasi kwamba lazima mpite mmoja nyuma ya mwingine. Ukimpa mwenzako mpira wa mita moja, hampiti. Miaka ya 1970 wazamiaji wa mapangoni wakaanza kutumia mpira wa futi 7, kama mita 2.1. Anayetajwa sana katika historia hiyo ni Sheck Exley, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, aliyeandika kitabu cha usalama mapangoni mwaka wa 1979. Alikufa mwaka wa 1994 katika shimo la Zacatón, Mexico, akijaribu kufika kina kikubwa mno.

Mzamiaji mwingine, Bill Main, anakumbukwa kwa kusafisha mpangilio. Mpira mrefu unashuka upande wa kulia, unavuka kifua, unazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni. Kifaa cha pili, chenye mpira mfupi, kinaning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya lastiki. Na sheria ikageuka kabisa: mwenzako akiishiwa, unampa kile kilicho mdomoni mwako. Hicho unajua kinafanya kazi, umekipumua sekunde moja iliyopita. Wewe unachukua cha chini ya kidevu.

Hapo ndipo nilipowapenda hawa wasee. Unampa mwenzako kilicho bora, wewe unachukua akiba. Wanaochimba visima huku Kitui wanaielewa bila kusoma popote: kamba haipimwi kwa anayeishika juu, inapimwa kwa kina alipo yule wa chini.

Sasa tatizo. Mpira mrefu umekuwa fasheni. Vijana wanaufunga mita 2.1 ili waonekane wakali kwenye video, na wanazamia mahali peupe ambapo hakuna pango hata moja. Mimi nasema uliza kwanza mpira huo ulizaliwa wapi. Kwenye matumbawe ya Watamu, Malindi au Kisite, mnaweza kupanda juu bega kwa bega. Hapo mita 1.5 inayopita chini ya kwapa la kulia na kuzunguka shingo inatosha kabisa, au hata mita moja inayopita chini ya kwapa ikiwa na kiungo kinachozunguka karibu na mdomo. Pweza wa kawaida naye anatosha, mradi amebanwa vizuri na mwenzako anajua alipo. Mpira mrefu ambao haukubanwa mahali unaweza kunasa, na mpangilio ambao hujaufanyia mazoezi hautakusaidia siku ya siku.

Na msiniambie kuzamia ni mambo ya watalii. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia walizamia mbele ya Fort Jesus, Mombasa, kuchimbua Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mwaka wa 1697 wakati ngome ilipozingirwa. Leo kazi ya aina hiyo inafanywa na Wakenya kama Caesar Bita wa Makavazi ya Kitaifa. Huku kwetu je? Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya lilisombwa na mto Enziu, Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji ndio walioitwa kusaidia kutafuta. Kaunti kavu kama Kitui ililia kwa sababu ya maji. Kwa hivyo kijana wa bara akijifunza kuzamia, mimi simwoni kama anajifanya mtu wa pwani.

Ukipanda treni pale Emali kwenda kujaribu, jifunze kwa mwalimu aliyeidhinishwa, na vifaa utakavyopewa huenda vikawa vya pweza wa kawaida. Poa tu. Lakini kabla hamjaruka majini, muulize mwenzako mambo matatu: hewa yako ya ziada iko wapi, utanipa mpira gani, na unafika wapi ukinyooshwa? Halafu ushike kwa mkono wako, uuvute, upumue mara mbili. Akikucheka, tafuta mwenzako mwingine.