Sindano ya Ganzi na Moyo

Wengi wenu mnaijua sindano ya ganzi: mama akishonwa baada ya kujifungua, mtoto aking'olewa jino, kijana akitahiriwa katika mpango ulioanza Nyanza mwaka 2008.

Ganzi ya kwanza ilikuwa kokeini, aliyoitumia Karl Koller kwenye jicho, mjini Vienna, mwaka 1884. Lignokeini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Mwaka 1957 ikaja bupivakeini, inayodumu kwa saa nyingi, nayo ikapendwa sana wodi za uzazi. Kumbe! Mwaka 1979 daktari George Albright wa Marekani aliandika kuhusu wagonjwa ambao mioyo yao ilisimama ghafla baada ya ganzi za aina hiyo. Miaka ya 1980 Marekani ikaacha kupendekeza ile kali ya asilimia 0.75 kwa wajawazito.

Ganzi huzima umeme wa mishipa ya fahamu. Ikiingia kwenye damu kwa wingi, huzima hata umeme wa moyo. Msuli wake hulegea, damu haisukumwi. Mwaka 1998 Guy Weinberg alionyesha kwa panya kwamba dripu ya mafuta maalum husaidia, na mwaka 2006 ikaripotiwa kumwokoa mgonjwa.

Ganzi ya mgongo wakati wa upasuaji wa uzazi ni kidogo sana, mama, usiikimbie. Kipimo hufuata uzito, kwa hiyo mtoto apimwe kwanza. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema. Masikio yakivuma, kichwa kikizunguka au mdomo ukiwa na ladha ya chuma, sema papo hapo, sindano isimamishwe. Wengi huniambia waliogopa kumsumbua daktari.