Programu za kuchora ramani za michezo ya mezani: anayeanza achague ipi?

Na Mwandishi Wetu, Vwawa

RAMANI ni miongoni mwa kazi zinazomchosha zaidi msimamizi wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule unaochezwa na watu wachache waliozunguka meza wakiwa na karatasi, penseli na dadu. Msimamizi anayo hadithi kichwani, lakini wachezaji wanataka kujua mto uko upande gani, daraja liko wapi na adui amejificha nyuma ya nyumba ipi.

Wengi wanaotafuta programu ya kompyuta ya kuwasaidia huvutiwa na ile yenye picha nzuri kuliko zote. Matokeo yake hutumia siku nyingi kujifunza vitufe, na siku ya mchezo hufika ramani ikiwa haijakamilika. Kwa anayetegemea bando la simu kupata intaneti, kosa hilo humgharimu fedha pia.

Michezo hii ilianza kupata umaarufu baada ya Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Chimbuko lake ni michezo ya vita iliyochezwa kwa sanamu ndogo juu ya meza, na ndiyo maana ramani na vipimo vimeendelea kuwa na nafasi kubwa. Kila mchezaji huongoza mhusika mmoja, msimamizi hueleza mazingira na kuwaigiza watu wengine wote, na dadu huamua matokeo ya jambo lenye mashaka.

Aina tatu za ramani

Kabla ya kutafuta programu, msimamizi anapaswa kujua anahitaji ramani ya aina gani, kwa kuwa programu iliyo rahisi kwa aina moja huwa ngumu kwa nyingine.

Ya kwanza ni ramani ya nchi, inayoonyesha milima, mito, miji na umbali wa safari. Mara nyingi hugawanywa kwa maumbo ya pembesita ili wachezaji wahesabu mwendo wa siku. Ya pili ni ramani ya mji, yenye mitaa, masoko na kuta. Ya tatu ni ramani ya pambano, inayoonyesha chumba, pango au uwanja mmoja tu. Hii huchorwa kwa miraba, na kwa desturi mraba wa inchi 1 huwakilisha futi 5.

Zinazotumia kivinjari

Kwa ramani ya nchi, anayeanza anaweza kutumia Azgaar's Fantasy Map Generator, ambayo ni ya bure na hufanya kazi ndani ya kivinjari. Programu hii hutengeneza yenyewe mabara, mito, mipaka na majina, kisha mtumiaji hurekebisha anachotaka. Ugumu wake ni wingi wa mipangilio. Inashauriwa kuiacha mingi kama ilivyo na kushughulikia majina na miji kwanza.

Inkarnate nayo hutumia kivinjari, lakini mtumiaji huchora mwenyewe kwa kupanga picha za milima, misitu na majumba zilizokwishaandaliwa. Ina toleo la bure lenye picha chache na toleo la kulipia lenye nyingi zaidi. Hujifunzwa haraka, ila huhitaji intaneti muda wote wa kazi.

Kwa ramani ya mji, ipo Medieval Fantasy City Generator iliyotengenezwa na msanii wa programu anayejulikana kama Watabou. Hutoa mji mzima kwa kubofya mara moja. Hata hivyo, miji hiyo hufuata sura ya miji ya kale ya Ulaya, hivyo anayetaka mji wa pwani ya Waswahili au kijiji cha nyanda za juu atalazimika kubadilisha mengi.

Kwa ramani ya pambano, Dungeon Scrawl ni nyepesi. Mtumiaji huburuta kipanya, na vyumba na njia hujitokeza vikiwa na miraba tayari.

Tahadhari moja inahusu zote. Kazi isiachwe ndani ya kivinjari pekee, kwani kumbukumbu za kivinjari zikisafishwa huweza kupotea. Ihifadhiwe kama faili kwenye kompyuta au flashi kila baada ya hatua muhimu. Aidha, skrini ndogo ya simu huifanya kazi ya kuchora kuwa ngumu, hivyo kompyuta inafaa zaidi.

Za kusakinisha

Asiye na intaneti ya uhakika atanufaika na programu inayopakuliwa mara moja. Wonderdraft kwa ramani za nchi, na Dungeondraft kwa ramani za pambano, hulipiwa mara moja tu na hufanya kazi bila mtandao.

Campaign Cartographer, ya kampuni ya ProFantasy ya Uingereza, ni ya zamani zaidi, kwani toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1993. Ina uwezo mkubwa, lakini imejengwa kwa mfumo unaofanana na programu za wachoraji wa majengo, hivyo si ya kujifunza kwa jioni moja.

Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya bure na haihitaji mtandao. Haikutengenezwa kwa ajili ya michezo, lakini humfaa anayetaka kuchora mahali halisi.

Mfano wa Vwawa

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 na wenye makao makuu yake Vwawa, una mengi ya kumfaa mtunga hadithi za mchezo. Lipo Ziwa Rukwa, upo mji wa mpakani wa Tunduma, na yapo mashamba ya kahawa ya Mbozi. Kipo pia Kimondo cha Mbozi, jiwe la chuma lenye urefu wa takriban mita 3 lililoko Ndolezi, ambalo ni miongoni mwa vimondo vikubwa vinavyofahamika duniani. Kisa cha kitu kilichoanguka kutoka angani hakihitaji kuazimwa mbali.

Msimamizi anayetaka kuutumia mkoa huo anaweza kuanza na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Nchini Tanzania, ramani hiyo ilipata nguvu mwaka 2015 kupitia mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa inayokumbwa na mafuriko.

Picha ya eneo husika huwekwa kwenye tabaka la chini la Inkscape na kufungwa isisogee. Juu yake huongezwa tabaka jipya la kuchorea mito, njia na makazi, kisha lile la chini hufichwa. Hadithi ikiwa ya kale, vya karibuni huondolewa. Reli ya TAZARA, kwa mfano, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975.

Mito ichorwe kwa uangalifu. Maji huteremka na mito huungana ikielekea bondeni, lakini ramani nyingi za wanaoanza huonyesha mto mmoja ukigawanyika na kuvuka milima. Kwa Songwe kuna mtego mwingine: ipo mito miwili yenye jina hilo, mmoja ukimwaga maji Ziwa Rukwa, na mwingine, ulio mpakani mwa Tanzania na Malawi, ukiingia Ziwa Nyasa.

Haki na uchapaji

Anayetumia data za OpenStreetMap anaruhusiwa hata kuuza ramani yake, ilimradi ataje chanzo na kuzingatia masharti ya leseni. Toleo la bure la Inkarnate ni kwa matumizi binafsi tu. Anayekusudia kuuza mchezo wake asome masharti mapema, si baada ya kazi kukamilika.

Kwa anayepeleka ramani ya pambano kuchapwa stesheneri, karatasi ya A4 hubeba takriban miraba 7 kwa 10 ya inchi 1 baada ya kuacha kingo. Uwanja mkubwa zaidi hugawanywa katika kurasa kadhaa na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi. Mchapaji aelezwe asipunguze ukubwa ili ukurasa uenee, la sivyo vipimo vyote vitaharibika.

Kwa ujumla, anayeanza achore kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya grafu mahali pale tu wachezaji watakapofika katika kikao kinachofuata. Mchoro huo ndio utakaomwonyesha aina ya ramani anayohitaji, na programu rahisi kwake ni ile itakayoukamilisha kabla wachezaji hawajaketi. Na umeme ukikatika siku hiyo, karatasi ile bado itatumika.