Inzi Aliyepewa Jina Kisha Akavuliwa

Mwaka 2003, mitego ya inzi wa matunda iliyotundikwa mwambao wa Kenya ilinasa mdudu ambaye hakuwa kwenye orodha ya inzi wa Afrika. Mitego hiyo ilikuwa ya watafiti wa icipe, kile kituo cha Nairobi cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakifuatilia inzi wa kienyeji anayeharibu maembe, Ceratitis cosyra, ambaye mabawa yake yana mabaka. Huyu mgeni mabawa yake yalikuwa maangavu, yenye ukanda mwembamba mweusi ukingoni tu. Mgongoni alikuwa na mistari miwili ya njano, na juu ya tumbo alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Ukimtazama haraka utadhani ni nyigu mdogo.

Mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Maulid Mwatawala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake, walichapisha taarifa yake mwaka 2004. Wakulima walikuwa wameshaanza kumfahamu bila kumwona. Walichokiona wao ni embe lenye tundu dogo mithili ya tobo la sindano, ambalo ukilipasua unakuta funza.

Tundu hilo ni kazi ya jike. Ncha ya tumbo lake ni mrija mgumu uliochongoka, anaouchomeka chini ya ganda na kuweka mayai yake kwa mafungu. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na funza hula nyama ya tunda kwa ndani huku nje embe likionekana zima. Akishakomaa, funza hutoka, na hapa ana kituko chake: hujikunja akashika mkia wake kwa mdomo, kisha akajifyatua na kuruka. Lengo lake ni kuufikia udongo, ajifukie na kugeuka pupa. Siku chache baadaye anatoka inzi kamili.

Sasa, ni nani huyu? Swali linaonekana dogo, lakini afisa wa karantini bandarini hawezi kumzuia mdudu asiye na jina, wala hakuna kitabu cha kumtafutia dawa. Mwaka 2003 kundi la akina Lux, Copeland na White liliandika kwamba mgeni ni wa ukoo wa Bactrocera dorsalis, inzi wa matunda wa Asia. Wangeweza kuishia hapo kama ukoo wenyewe ungekuwa mwepesi. Mwaka 1994 Richard Drew wa Australia na mwenzake Hancock walikuwa wameupitia upya na kuutenga katika spishi 52, na kati yake 40 zilikuwa hazijawahi kupewa jina. Tofauti baina ya baadhi yake zilikuwa za rangi ya mguu au upana wa mstari, vitu vinavyotaka hadubini na subira.

Jibu likatokea Sri Lanka. Ian White wa Makumbusho ya Historia Asilia ya London alikuwa ameshashirikiana na Mjapani Tsuruta kuchunguza inzi wa kisiwa hicho. Vielelezo vya huko vilipowekwa kando ya vile vya Afrika, vilishabihiana. Mwaka 2005 Drew, Tsuruta na White wakachapisha maelezo ya spishi mpya katika jarida la African Entomology, kurasa sita tu. Wakamwita Bactrocera invadens, yaani mvamizi.

Watu wengi hudhani kugundua spishi ni kazi ya mtu aliyeshika wavu porini. Kazi yenyewe hufanyika mezani. Inzi aliyekauka huchomwa pini, chini yake huwekwa kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Kisha mtaalamu humkagua kuanzia kichwani: vipapasio, madoa ya uso, nywele za mgongoni ambazo huhesabiwa moja moja, mishipa ya bawa, mrija wa kutagia. Kila kitu huandikwa na kulinganishwa na ndugu zake wa karibu. Mwishoni kielelezo kimoja huteuliwa kuwa shahidi wa jina na kuhifadhiwa makumbusho, ili atakayetilia shaka miaka mia baadaye aende akakitazame mwenyewe.

Katika ukaguzi huo jambo moja lilijitokeza: mgongo wa mvamizi haukuwa na rangi moja. Wengine walikuwa wekundu wa kutu, wengine weusi, wengine kati ya hapo, na wote wangeweza kutoka mtego mmoja. Waandishi wa 2005 walichukulia hali hiyo kuwa sehemu ya utambulisho wake, kwa kuwa dorsalis waliyemjua wao mgongo wake ni mweusi. Kwa vielelezo walivyokuwa navyo, sioni kosa la kuwashika.

Inzi naye hakusubiri. Uganda, Sudan, Kongo, Benin, kote akaenea ndani ya miaka michache. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, Sunday Ekesi na wenzake wa icipe walikuta kwamba chini ya miaka minne mgeni amekuwa asilimia 98 ya inzi wanaonaswa mitegoni. Cosyra mwenyeji alikuwa ameondolewa kwenye maembe yake mwenyewe. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia parachichi za Kenya kwa kumhofia. Mwaka 2010 akanaswa Limpopo, ndani ya Afrika Kusini yenyewe.

Hapo ndipo jina jipya lilipoanza kugharimu. Asia na Hawaii zilikuwa na miongo ya utafiti juu ya dorsalis: joto gani linaua mabuu ndani ya tunda, baridi kiasi gani, siku ngapi. Kwa kuwa mdudu wa Afrika alihesabiwa kuwa mwingine, mnunuzi wa ng'ambo angeweza kudai majaribio hayo yarudiwe upya kabla ya kupokea matunda. Cha ajabu ni kwamba icipe ilikwishaleta kutoka Hawaii nyigu mdogo Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya dorsalis, na nyigu alimshambulia mvamizi bila kusita. Nyigu hakuona tofauti ambayo wataalamu waliiona.

Fathiya Khamis wa icipe na wenzake walipima mabawa na kusoma vinasaba vya mvamizi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Wengine walilinganisha harufu ambazo madume hutoa kuwaita majike. Jaribio lililonivutia zaidi lilifanyika Seibersdorf, Austria, katika maabara ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Nishati ya Atomiki (IAEA): inzi waliotoka Kenya na dorsalis wa Asia waliwekwa pamoja wachaguane wenyewe. Walipandana kana kwamba hawajui wametoka mabara mawili, na watoto wao wakazaa.

Oktoba 2014 uamuzi ukatangazwa, na mwaka 2015 makala ikatoka katika jarida la Systematic Entomology, ikiongozwa na Mark Schutze na kutiwa saini na watafiti karibu 50 wa nchi 20. Invadens na dorsalis ni mdudu mmoja. Kanuni ya majina ya wanyama inasema jina la zamani ndilo hushika, na dorsalis alikwishaelezwa mwaka 1912 na Friedrich Hendel, mwalimu wa Vienna, mwendo mfupi tu kutoka Seibersdorf, kwa vielelezo alivyokusanya Hans Sauter huko Taiwan. Hata Hendel hakuwa wa kwanza: Fabricius alimpa inzi huyu jina mwaka 1794, ila lilikuwa limeshatumika kwa mwingine, likatupwa.

Drew hakukubali. Mwaka 2016, katika kitabu alichoandika na Romig, alimrudishia invadens uspishi wake. Mwaka uliofuata Schutze na wenzake wakamjibu kwa ukali usio wa kawaida katika fani hii ya upole, wakisema heshima ya mtaalamu haiwezi kuchukua nafasi ya ushahidi uliokaguliwa na wengine. Mimi naegemea upande wao, ingawa bila zile kurasa sita za 2005 nchi nyingi zingechelewa kujua kwamba zimevamiwa.

Leo vitabu vya karantini vinamwandika Bactrocera dorsalis. Kwako mwenye mwembe uani, kwa jina lolote lile, dawa ya kwanza ni moja: usiache maembe yaliyoanguka yaozee chini. Yazike kina cha sentimita 50 au zaidi, au yafunge ndani ya mfuko mweusi wa plastiki uyaanike juani mpaka funza wafe. Na umwambie jirani afanye hivyohivyo, kwa sababu inzi huyu anaruka ua.