Skripti ya Kuingia kama Kumbukumbu ya Mpaka: Mawasiliano ya Modemu na Eneo la Busia na Tororo

Ikisiri
Makala haya yanachunguza skripti ya kuingia, yaani orodha fupi ya amri zilizoiwezesha kompyuta kupiga simu kwa modemu na kujitambulisha kwa kompyuta nyingine. Yanadai kwamba skripti hiyo ni chanzo cha historia ya kitaasisi, kwa kuwa mipaka ya kiutawala iliandikwa ndani yake.

1.0 Usuli
Hadi mwaka 1977, simu za Kenya, Uganda na Tanzania zilisimamiwa na shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi iliunda shirika lake. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, miji inayopakana na yenye jina moja, ikawa chini ya mamlaka mbili za simu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Ulitumia teknolojia ya FidoNet, iliyoasisiwa na Tom Jennings nchini Marekani mwaka 1984. Ujumbe ulihifadhiwa kwanza, kisha ukapelekwa kwa simu fupi. Utaratibu huo ulizifaa laini dhaifu na za gharama kubwa.

2.0 Muundo wa skripti
Skripti ilikuwa na hatua tatu: kupiga namba, kusubiri maneno fulani, na kuyajibu. Amri ATDT ilipiga kwa toni, na ATDP kwa mapigo. Aliyehudumiwa na kituo cha simu cha zamani alihitaji ya pili. Wahariri stadi waliiagiza programu isubiri "ogin:" badala ya "login:", kwa sababu herufi ya kwanza iliweza kuja kubwa au ndogo, au kupotea katika kelele za laini. Hatua ya mwisho ilituma nywila, ambayo mara nyingi iliandikwa wazi ndani ya faili. Hivyo, aliyenakili skripti ya mwenzake alinakili pia ufunguo wake.

3.0 Mpaka ndani ya mstari mmoja
Mpaka ulionekana katika hatua ya kwanza. Katika mpango wa simu wa kikanda, Kenya hupigiwa kwa 005, Uganda kwa 006 na Tanzania kwa 007. Kwa hiyo, skripti ya kupiga Kampala kutoka Tororo haikuweza kutumika Busia ya Kenya bila kuhaririwa. Vilevile, msimbo wa Nairobi ulipobadilika kutoka 02 kuwa 020, kila skripti yenye msimbo wa zamani ilikoma kufanya kazi. Uamuzi wa ofisi ya mbali ulimfikia mtumiaji kama simu isiyopokelewa, na asiyejua kuhariri alibaki nje ya mtandao.

4.0 Hitimisho
Mkataba wa mwaka 1999 uliirejesha Jumuiya, na mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuoanisha gharama za simu baina yao. Hata hivyo, skripti zinaonyesha kwamba utangamano hupimwa kwenye mipangilio midogo ya mtumiaji wa mpakani. Watunga sera wanaobadilisha misimbo au masharti ya kuingia wanapaswa kutoa mapema maelekezo ya Kiswahili kwa pande zote mbili. Nazo taasisi za kumbukumbu zihifadhi faili hizo, baada ya kufuta nywila zilizomo.