Ndege za Vita katika Milango ya Rufiji

Mwezi wa Aprili, 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer yalitoka Arusha kwa njia ya Ufiome, yakaingia Kondoa Irangi tarehe 19. Mtu akaaye Sigino, au popote pale Babati, hayuko mbali na njia hiyo. Ndege za Kikosi cha 26, za mbao na kitambaa, nazo zilifika Kondoa mwaka ule ule. Walakini atakaye kujua jinsi marubani wa Vita Kuu ya Kwanza walivyoanguka katika nchi hii hana budi kuiacha bara, ashuke mpaka Rufiji.

Huko ndiko manowari ya Kijerumani Königsberg ilikojificha mwaka 1914, ndani ya mikoko. Waingereza wakamkodi Dennis Cutler, raia aliyekuwa akirusha ndege Durban. Aliiona manowari mwezi wa Novemba. Tarehe 10 Desemba injini yake ikamshinda, akatekwa. Ndege zilizoletwa baadaye zilipigwa vita na hali ya hewa kabla ya adui: joto na unyevu viliila gundi ya mbao zake, na nyingine zikakataa katakata kuinuka majini. Tarehe 11 Julai, 1915, Cull na Arnold waliruka kutoka Mafia kuielekeza mizinga ya Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa. Arnold aliendelea kupeleka habari za shabaha huku wakishuka, hata wakaangukia mtoni, wakaokolewa na watu wa Mersey; na Königsberg ikaangamia siku ile ile.

Bridgeman hakuwa na bahati hiyo. Tarehe 6 Januari, 1917, Kamanda Richard Bridgeman wa meli Hyacinth alipanda ndege ya majini pamoja na rubani Edwin Moon, waende kupeleleza. Injini ikaharibika, wakatua katika kijito kimojawapo. Wakaiharibu ndege yao isije ikamfaa adui, wakatangatanga siku kadhaa karibu bila chakula, wakitafuta njia ya kurudi kwenye meli zao. Mwishowe wakaunda chelezo kwa fremu za madirisha. Maji yakawachukua hata baharini, na huko Bridgeman akafa kwa uchovu na kukaa majini, ingawa mwenziwe alijitahidi sana kumwokoa. Moon alirudishwa pwani na mawimbi, akatiwa mikononi mwa Wajerumani.

Mimi naona jambo moja hapa linastahili kufikiriwa na wanafunzi wa historia. Milango ile haikuwa nyika tupu. Palikuwa na wakulima wa mpunga, na wakata boriti ambao miti yao ilisafirishwa hata Uarabuni. Hao walijua kila kijito, na saa ya maji kujaa na kupwa. Watu wa ndege waliitazama nchi hiyo hiyo kutoka juu, wakaichora, wakaihesabia shabaha. Lakini mara walipotua ndani yake, ujuzi wote huo haukuwatosha kuwafikisha kwenye meli zao. Vitabu vya vita husifu ushujaa wao, nao ni haki yao. Havisemi sana juu ya wenyeji waliokuwa wakipita kwa mitumbwi.

Moon alituzwa nishani kwa ajili ya siku zile, akarudi kwenye urubani. Alikufa tarehe 29 Aprili, 1920, ndege yake ya majini ilipoanguka Felixstowe, Uingereza, miaka mitatu na zaidi baada ya Rufiji kumwachilia.