Kiwanda cha Chapa cha Chuo: Tuanze na Mtihani, Si Kitabu

Mwaka 1913, Waadventista Wasabato waliweka mtambo mdogo wa chapa Gendia, karibu na Kendu Bay, misheni ikiwa chini ya Arthur Carscallen. Kiwanda hicho kingali Gendia hadi leo, kwa jina la Africa Herald Publishing House. Kwa maoni yangu, kimedumu kwa sababu kanisa lina kazi isiyokatika: masomo ya Sabato hutakiwa kila robo mwaka, mteja wa nje aje asije. Chuo kikuu kinachotaka kiwanda chake nacho kijiulize kwanza ni kazi gani kwake isiyokatika.

Kazi hiyo si vitabu, ni mitihani. Mapendekezo mengi ya aina hii huenda mrama mapema, kwa kuwa huandikwa kama mradi wa kuingiza pesa. Huanza na mtambo wa ofseti wa rangi nne na ahadi kwamba mji mzima utaleta kazi. Mji una wapiga chapa wake tayari. Wale wa Kisumu wana vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na, uchaguzi ukikaribia, mabango ya wagombea. Mwenye msiba hulipa papo hapo na anataka kazi yake kabla ya Jumamosi. Idara inayolipa baada ya miezi kadhaa, hati zikiwa bado zinazunguka kwa mhasibu, haitamtangulia kwenye foleni hata siku moja. Chuo kiwe na mashine yake ili kiikwepe foleni hiyo. Faida ni hesabu nyingine kabisa.

Tuchukue kampasi ya kubuni pale Awasi, kwenye barabara ya Kericho. Somo moja lina watahiniwa 60. Ofseti inadai bati kwa kila ukurasa, wino usawazishwe, na karatasi kadhaa ziharibike kabla ya kupatikana nakala safi ya kwanza. Gharama hiyo ni ileile ukichapa nakala 60 au 3,000. Kwa risografu mzigo huo ni mdogo, na mashine ya dijitali haina kabisa; mojawapo ya hizo ndiyo inayoifaa kampasi kama hii. Ikifika zamu ya kitabu cha nakala elfu kadhaa, kipelekwe Nairobi bila kuona haya.

Lipo pia suala la siri. Mtihani ukisafirishwa kwa flashi kutoka Awasi kupitia Ahero hadi duka la Kisumu, nakala yake hubaki katika kompyuta ya mtu asiyejulikana na msajili. Wapo watakaosema, na wana haki, kwamba mitihani huvuja hata ndani ya chuo. Ni kweli, lakini ndani unaweza kupunguza mikono: kompyuta isiyounganishwa na intaneti, mlango wa kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, karatasi zilizoharibika zihesabiwe kisha zikatwekatwe, bahasha zitiwe lakiri mumo humo. Mtihani ukivuja, orodha ya wa kuhojiwa ni fupi.

Gharama inayoumiza zaidi ni karatasi. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye kilifungwa mwaka 2009, na hata baada ya mwenye mali mpya kukifufua, karatasi nyeupe ya ofisini kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje, bei ikipanda dola inapopanda. Bajeti ya mwaka mzima haiwezi kutegemea bei ya Januari. Tena kuna unyevu. Wakati wa masika katika tambarare za Kano, rimu iliyoachwa wazi usiku kucha huamka na kingo zilizopinda kama mawimbi. Mashine huvuta karatasi mbili mbili, kisha hukwama. Rimu zikae kwenye vichanja, katika vifungashio vyake, na stoo isiwe ghorofa ya chini. Mto Nyando ukifurika, anayejenga chini anajitakia hasara.

Kila idara itozwe kwa hati ya ndani, hata kama pesa ni za chuo kilekile. Huduma isiyo na bei itachapa kadi za harambee za wafanyakazi kabla ya karatasi za mwaka wa kwanza. Katika tozo hizo, sehemu itengwe kwa vipuri na kwa fundi mwajiriwa wa kudumu, maana ukimwita fundi kutoka Nairobi katika juma la mitihani, utamlipa nauli, malazi na siku alizochelewa kufika.