Uanachama wa Chama cha Kifalme cha London, 1660 hadi 1847

Tarehe 28 Novemba, 1660, watu kumi na wawili walikutana katika Chuo cha Gresham, mjini London, baada ya kumsikiliza Christopher Wren akifundisha elimu ya nyota. Wakaafikiana kuanzisha chama cha kuchunguza mambo ya maumbile kwa njia ya majaribio. Miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyaandika ni habari ya fedha: kila mwanachama atoe shilingi kumi siku ya kuingia, na baadaye shilingi moja kila juma, ahudhurie asihudhurie. Haukupita muda wakaongeza sharti kwamba asiingizwe mtu pasipo kupigiwa kura, isipokuwa mwenye cheo cha Baron au cha juu zaidi. Basi tangu mwanzo elimu na nasaba zilipitia mlango mmoja, na mgongano wa hizo mbili ulikisumbua chama hicho kwa muda wa karibu miaka mia mbili.

Mfalme Charles II alikipa chama hati yake mwaka 1662, na hati ya pili mwaka 1663. Katika mwaka huo wa 1662 aliingizwa John Graunt, mfanyabiashara wa vitambaa, kwa sababu ya kitabu alichokitunga juu ya hesabu za vifo vya mji wa London. Thomas Sprat, aliyeandika historia ya chama mwaka 1667, asimulia kwamba Mfalme alipendezwa, akaagiza kwamba wakipatikana wachuuzi wengine wa namna ile waingizwe wote bila kusita. Maneno hayo ni ya ukarimu, lakini yafaa ikumbukwe kwamba wachuuzi wa namna ile hawakupatikana wengi.

Shilingi ya juma ilikuwa mzigo. Kwa mwaka ilifika pauni mbili na shilingi kumi na mbili, na wengi waliacha deni lirundikane. Isaac Newton, aliyechaguliwa mwaka 1672, aliomba mwaka uliofuata aruhusiwe kujitoa. Mwaka 1675 akasamehewa ada hiyo. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa chama tangu 1703 hadi kufa kwake mwaka 1727.

Kwa wachunguzi wa lugha, mfano wa Antoni van Leeuwenhoek una uzito wake. Alikuwa mwuza nguo wa mji wa Delft, hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa Ulaya wakati ule, na barua zake kwa chama aliziandika kwa Kiholanzi, lugha ya nyumbani kwake. Zilifasiriwa zikachapwa, na mwaka 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama, ingawa hakuhudhuria mkutano hata mmoja. Wakubwa wa chama walihimiza usemi mwepesi usio na mapambo, na mwaka 1664 waliunda kamati ya kuitengeneza lugha ya Kiingereza, ambayo haikuzaa matunda. Hata hivyo, kumkubali mtu asiye na Kilatini ni jambo lililozidi maneno ya kamati yoyote.

Mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Mwaka 1682 aliingizwa Muhammad ibn Haddu, balozi wa Morocco. Naye alikuwa mgeni wa heshima, mjumbe wa mfalme. Mwaka 1716 lilipelekwa jina la Francis Williams, Mwafrika mzaliwa wa Jamaica, mwana wa mtu aliyekuwa mtumwa akapata uhuru, naye ni msomi wa hisabati na mtunzi wa mashairi ya Kilatini. Yeye alikataliwa. Gazeti moja la London la mwaka 1771 lilieleza kwamba sababu ni rangi ya ngozi yake. Tazama basi: Mholanzi alikubaliwa bila Kilatini, na Mwafrika alikataliwa pamoja nacho.

Wanawake hawakufikiriwa kabisa. Margaret Cavendish, mke wa mtawala wa Newcastle na mtungaji wa vitabu vya falsafa, aliruhusiwa kutazama majaribio mwaka 1667, akarudi kwake. Wanawake wa kwanza walichaguliwa mwaka 1945.

Karne ya kumi na nane ilileta desturi ya cheti kilichotiwa sahihi na wanachama wasiopungua watatu, kikatundikwa ukumbini kabla ya kura. Lakini sahihi tatu si kitu kigumu kwa mtu mwenye mali na marafiki. Charles Babbage, mwenyewe mwanachama, alilalamika hadharani mwaka 1830 kwamba yeyote mwenye fedha kiasi na asiyechukiwa na watu aweza kuingia. Hatimaye, mwaka 1847, sheria iligeuzwa: wachaguliwe watu kumi na watano tu kila mwaka, na sifa yao iwe elimu. Kwa sheria hiyo ndipo alipochaguliwa, mwaka 1887, John Kirk, tabibu na mchunguzi wa mimea, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja.